Binti yangu anasema mimi ni Jean Valjean, lakini hajui nilichomficha

Mshauri, salamu.

Nina miaka 52. Sijazaa, lakini nina mtoto. Mdogo wangu alifariki akamwacha binti wa miaka minne, nikamchukua siku ileile ya mazishi, na tangu hapo hakulala kwingine ila kwangu mpaka alipokwenda chuo. Kwa ukoo mimi ni mama yake mkubwa. Yeye ananiita Mama. Sasa ana miaka 27, na baada ya miezi minne anaolewa na kijana ambaye sina la kumlaumu.

Mwaka jana aliniletea kitabu, zawadi ya siku yangu ya kuzaliwa, kinene kama tofali. Ni Les Misérables, riwaya ya Mfaransa Victor Hugo iliyotoka mwaka 1862. Ndani ya jalada ameandika kwa mkono wake: "Kwa Mama. Huyu Jean Valjean ni wewe."

Nilikimaliza kwa miezi mitano, kurasa chache kila usiku. Kwa wasiokijua, Jean Valjean ni mtu aliyefungwa kwa kuiba mkate wa kuwalisha watoto wa dada yake, akajaribu kutoroka mara kwa mara, na kifungo cha miaka mitano kikawa cha miaka 19. Anatoka na moyo mgumu, askofu mmoja anamtendea wema asioutarajia, naye anageuka mtu mwingine. Baadaye anamchukua Cosette, yatima aliyekuwa akiteswa na watu waliolipwa wamtunze, anamlea peke yake huku akijificha kwa polisi. Cosette anapoolewa na Marius, mzee anaanza kujiondoa kidogo kidogo ili aibu ya kifungo chake isimguse binti. Mwisho yuko peke yake chumbani, anakufa.

Nililia mpaka nikashindwa kwenda kazini kesho yake. Lakini sikulia kwa sababu anayodhani binti yangu.

Baba yake alikuwa kijana aliyeikana mimba akatoweka. Mtoto alipofika miaka tisa, nilipata barua kutoka kwake. Aliomba radhi, akasema alikuwa mjinga na mwoga, akaomba amwone mwanawe. Sikujibu. Baada ya miaka miwili ikaja ya pili, ikiwa na fedha na karatasi nyingine iliyokunjwa, juu yake limeandikwa jina la mtoto. Fedha nilizirudisha na mstari mmoja: mtoto hana haja na wewe, usituandikie tena. Akatii. Barua zote mbili ninazo. Ile karatasi iliyokunjwa sijaifungua hadi leo. Viko ndani ya sanduku lenye nguo chache za marehemu mdogo wangu.

Nilijiambia kwamba namlinda mtoto. Mtu aliyekimbia mara moja anaweza kukimbia tena, na safari hii angemkimbia mtoto mwenye akili ya kukumbuka. Hilo lilikuwa kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba niliogopa atamwona, atampenda. Nilikuwa nimeshamkataa mwanaume niliyempenda sana kwa sababu alitaka mtoto apelekwe kwa bibi yake ndipo anioe. Sikuwa na kitu kingine mkononi. Nilikuwa na yeye tu.

Miezi saba iliyopita baba yake alimpata kupitia mtandao. Ana mke sasa, na watoto wawili. Wameonana mara nne, na kila akirudi kutoka kwao binti yangu ana kicheko nisichokijua. Ni mtu mwema, naona hivyo, na kuona hivyo kunaniuma. Jioni moja tunaosha vyombo akaniuliza, "Mama, hivi hakuwahi kututafuta hata mara moja?" Nikamjibu, "Sijui, mwanangu." Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Sasa nimepanga hivi. Harusini nitaomba baba yake na mkewe wakae mahali pa wazazi. Akiba yangu yote nitampa yeye. Rafiki yangu wa zamani ananitafutia kazi mbali sana na hapa, nitaondoka wiki mbili baada ya harusi, na nitaacha simu zipungue zenyewe. Barua nitazichoma. Atakuwa na mume, atakuwa na baba, atakuwa na wadogo zake. Hatajua kamwe, na hataumia. Jean Valjean alijitoa vivyo hivyo, na dunia nzima inalia ikisoma.

Mtu mmoja tu niliyemweleza aliniambia ni ujinga, lakini hakuniambia kwa nini. Nakuuliza wewe. Je, huko siko kupenda? Au kuna kitu sikioni?

Mama Mkubwa

JIBU

Dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, nikaiacha usiku mzima kabla ya kushika kalamu. Nianze na lile ambalo wewe umelipita haraka: miaka 23. Ulimchukua mtoto siku ya mazishi ya mdogo wako, kabla machozi yako mwenyewe hayajakauka, na hukumrudisha kwa mtu. Lolote nitakaloliuliza huko mbele, naliuliza nikiwa nimeinamisha kichwa mbele ya miaka hiyo.

Nikikuelewa vizuri, umenitumia mambo mawili katika fungu moja. La kwanza ni kuaga: unataka kuondoka, kumwachia baba nafasi, na unaniuliza kama huo ni upendo. La pili ni siri: barua mbili na karatasi moja iliyokunjwa. La kwanza umelileta kama swali. La pili umelieleza kama maelezo tu ya nyuma, kitu ambacho kimeshaamuliwa na kinangoja kiberiti. Mimi naomba tuyaweke mezani yote mawili, kwa sababu sina hakika kama lile la kwanza lingekuwepo bila hili la pili. Kama zile barua zisingekuwepo, ungekuwa unatafuta kazi mbali? Sijibu kwa niaba yako. Nakuomba ujiulize ukiwa peke yako.

Kuhusu kitabu, tuko pamoja. Nilikisoma mara ya kwanza nikiwa msichana, nikamlilia Valjean kama ulivyomlilia wewe, nikamwona mtakatifu. Mara ya pili nilikisoma nikiwa nimeshamwoza mtoto wangu mwenyewe, na safari hiyo jicho langu likaenda mahali pengine. Lilikwenda kwenye moto na viti.

Unakumbuka? Asubuhi baada ya harusi, Valjean anamweleza Marius, mkwewe, kwamba yeye ni mfungwa wa zamani. Marius anashtuka. Anamruhusu aendelee kumwona Cosette, lakini taratibu anamfungia mlango bila kusema neno. Mzee anapokewa katika chumba kibovu cha chini. Siku moja anakuta moto haukuwashwa. Siku nyingine viti vimesogezwa karibu na mlango. Siku nyingine tena viti havipo kabisa. Na Cosette anauliza: kwa nini hakuna moto, viti vimekwenda wapi? Na kila mara Valjean anamjibu kwamba ni yeye mwenyewe aliyeagiza hivyo.

Hapo ndipo nilipofunga kitabu, dada yangu. Mtoto anauliza, na mzazi, kwa upendo usio na shaka, anamdanganya. Cosette si kwamba hakujali. Aliuliza. Alilalamika alipoambiwa amwite "Bwana Jean" badala ya "Baba". Alitaka kujua amekosa nini. Lakini kila alipogonga mlango huo aliambiwa kwamba nyuma yake hakuna kitu, mpaka akazoea kutogonga. Kisha sisi wasomaji tunamwona mtoto aliyesahau, tunamhukumu, ilhali aliyemfundisha kusahau ni yule aliyempenda kupita wote.

Nilipofika kwenye barua yako pale mnaosha vyombo, niliviona vile viti.

Sasa nakuomba uniruhusu nikuoneshe mtu mwingine ndani ya kitabu hichohicho. Unajifananisha na Valjean, na binti yako anakufananisha naye. Mimi nilipokusoma nilimkumbuka Éponine. Ni yule binti maskini, mtoto wa walewale waliomtesa Cosette, aliyempenda Marius bila kupendwa. Katika vurugu za Paris za Juni 1832, Éponine anaweka mkono wake mbele ya mtutu wa bunduki, na risasi iliyokuwa ya Marius inampata yeye. Anakufa kichwa chake kikiwa mapajani pa Marius. Lakini kabla hajakata roho anamwambia kwamba mfukoni ana barua yake, imetoka kwa Cosette. Alipewa aitie posta, naye akaiweka. Hakutaka imfikie.

Simtaji Éponine ili nikushtaki. Nakutajia kwa sababu Hugo alimpenda yule binti, na ukisoma kurasa zile utaliona hilo. Aliyeificha barua na aliyeipokea risasi ni mtu mmoja, na upendo uliomsukuma kufanya yote mawili ni mmoja. Mwandishi hakuifuta risasi kwa sababu ya barua, wala hakuifuta barua kwa sababu ya risasi. Aliviacha vyote viwili pale kwenye mawe ya barabara alipofia, na kwa namna fulani Éponine akazidi kuwa mtu machoni petu. Nadhani wewe umejipa hukumu kali kuliko aliyoipata yeye. Unaona kwamba mwanamke aliyeficha barua hastahili tena kuitwa Mama, hivyo aondoke kabla hajafukuzwa. Nani amesema hivyo? Binti yako hajasema. Hajapewa nafasi ya kusema.

Naomba nikuulize na kuhusu ule woga wako. Umeuandika kama aibu: niliogopa atampenda. Lakini wakati ule ulikuwa mwanamke peke yake, na mtoto ambaye huna karatasi ya kuonesha kwamba ni wako, na mtu aliyeikana mimba sasa anagonga mlango akiwa na fedha. Woga huo ulikuwa na miguu. Kosa, kama tutaliita kosa, huenda halikuwa kuogopa wala hata kukataa ile barua ya kwanza. Mtoto wa miaka tisa hawezi kuamua peke yake, mlezi humwamulia. Lililogeuka zito ni kwamba mtoto alikua, akafika miaka 15, akafika 20, na uamuzi ukabaki palepale sandukuni kana kwamba bado ana miaka tisa. Hata hilo nalielewa. Siri inapokaa muda mrefu, kila mwaka unaongeza jambo la pili la kueleza: kwa nini hukusema mwaka jana.

Umeandika kwamba ukiondoka "hataumia". Hapa ndipo napata shida zaidi, na nitasema wazi. Huyu ni mtoto ambaye mama yake alifariki akiwa na miaka minne na baba yake aliondoka kabla hajazaliwa. Watu wawili wa kwanza katika maisha yake hawakubaki, mmoja kwa kifo na mmoja kwa hiari. Wewe ndiye uliyebaki. Ukipunguza simu kidogo kidogo bila sababu anayoijua, atatafuta sababu mwenyewe, na watu wakitafuta sababu ya kuachwa huanza kuitafuta ndani yao. Atajiuliza kama ulikasirika alipomkaribisha baba yake. Anaweza hata kumwacha baba ili akurudishe wewe. Je, katika mpango wako umeliwazia hilo?

Fantine, mama mzazi wa Cosette, ananijia hapa. Aliuza nywele zake kwa faranga kumi akamnunulia mtoto sketi ya joto. Baadaye akauza meno yake mawili ya mbele kwa faranga 40, kwa sababu aliandikiwa kwamba Cosette ni mgonjwa na dawa ni ghali. Mtoto hakuwa mgonjwa. Ile sketi nayo alivishwa Éponine, kwa kuwa waliomtunza Cosette walitaka fedha taslimu. Kila ninapofika hapo naumia kwa namna ileile: mapenzi ya yule mama yalikuwa kamili, lakini alitoa viungo vya mwili wake kwa haja ambayo haikuwepo, kwa sababu hakuwa na njia ya kumwuliza mtoto mwenyewe. Wewe njia unayo. Anakuja kwako, mnaosha vyombo pamoja. Akiba yako yote na mahali pako pa kukaa harusini, umemwuliza kama anavihitaji?

Haya, tuzitazame njia zilizo mbele yako. Sitakuchagulia, kwa kuwa mimi nina barua moja tu mkononi, wewe una miaka 23.

Ukiamua kuondoka kimya kama ulivyopanga, kuna hatari ambayo hujaitaja: baba yake anajua. Alikuandikia mara mbili na akajibiwa mara moja. Amekaa kimya miezi saba, huenda kwa heshima yako, huenda anadhani binti anafahamu na amesamehe, huenda anangoja. Siku moja, katika mazungumzo ya kawaida tu, atasema "nilipowaandikia". Katika kitabu, ukweli wa Valjean unamfikia Marius kupitia kinywa kibaya kuliko vyote, Thénardier, baba yake Éponine, aliyekuja kuuza siri ili apate fedha. Bila kukusudia, anamfunulia Marius kwamba mtu aliyembeba mgongoni kupitia mifereji ya majitaka chini ya Paris na kumwokoa alikuwa mkwewe mzee. Wanakimbilia kwake, Marius na Cosette, wanamkuta kwenye saa zake za mwisho. Baba wa binti yako si Thénardier, kwa maelezo yako mwenyewe. Ila hata kinywa chema kinaweza kufika kabla yako, na wewe ukiwa mbali hutakuwepo kueleza.

Ukiamua kusema kabla ya harusi, hatari ni dhahiri. Anaweza kukasirika kweli, na harusi ikaingia kivuli. Anaweza kukaa wiki kadhaa bila kukuita Mama. Kuna hatari nyingine iliyojificha zaidi: kwamba utasema ili upate nafuu wewe, uupakue mzigo wako mabegani mwake katika miezi ambayo tayari imejaa mambo, kisha ungoje akufariji. Ikiwa utapita njia hii, miezi minne inatosha kama hutaimaliza yote kwa kuahirisha. Wiki ya harusi si wakati wake. Na uwe tayari kwamba msamaha, ukija, utakuja kwa ratiba yake.

Kusema baada ya harusi kunavutia, na Valjean mwenyewe alichagua asubuhi ya pili yake. Inampa binti siku yake bila doa. Lakini wewe mwenyewe utaikaaje siku hiyo? Na akikumbuka baadaye jinsi alivyomshukuru mama yake mbele ya watu, huku mama akijua na yeye hajui, picha hiyo inaweza kumchoma upya. Wengine wangeona ni heri hivyo kuliko kuivuruga harusi. Nimekutana na watu wa pande zote mbili na sithubutu kusema nani alikosea.

Iko pia njia ya kuanza na baba. Unamdai neno, naye anakudai, na mnaweza kukaa watu wazima wawili mkazungumza. Ninachokiogopa ni kimoja: msije mkakubaliana juu ya kichwa chake kwa mara nyingine. Ukimwona, mwone kwa ajili ya kumwomba radhi na kumwambia kwamba utasema, au kumwuliza anajua nini. Msifunge mapatano ya kunyamaza.

Ikiwa siku yoyote utazungumza, kuna kosa moja la Valjean ningependa ulikwepe. Alipokiri kwa Marius, alisema nusu. Alisema alikuwa mfungwa. Hakusema kwamba alimwokoa, wala jinsi alivyompata Cosette ameelemewa na ndoo. Alijieleza kwa mabaya tu, akiamini huo ndio uaminifu, na Marius akatoa hukumu kwa nusu aliyopewa. Wewe unaelekea huko. Barua yako kwangu ina mistari mingi ya kujilaumu, na yule mwanaume uliyempenda ukamkataa umempa sentensi moja. Binti yako akijua kuhusu barua, ana haki ya kujua na kuhusu woga wako, na kwa nini ulikuwa na woga, na ulikuwa nani wakati ule. Usimpe hayo kama bili ya kulipa. Mpe kama habari za maisha yake, maana ni yake pia.

Jambo moja naliomba, na ni ombi kwa kweli, ukikataa tutabaki marafiki: usizichome kwa sasa. Njia nyingine zote ukiingia unaweza kugeuka. Unaweza kuikubali kazi ya mbali ukairudisha, unaweza kunyamaza mwaka huu ukasema mwaka kesho. Moto haurudi. Na ile karatasi iliyokunjwa ina jina juu yake, na jina hilo si lako. Umekaa nayo miaka 16 bila kuifungua. Mtu asiye na heshima angeshaifungua zamani. Nadhani mkono wako ulijua ni ya nani hata wakati moyo ulikataa.

Niseme neno juu ya mwandishi, kwa kuwa linanigusa kila ninapozisoma kurasa za mwisho. Victor Hugo alimwoza binti yake mkubwa, Léopoldine, Februari mwaka 1843. Septemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 19, binti huyo alizama katika mto Seine pamoja na mumewe. Hugo alikuwa safarini, na alizipata habari hizo kwa kulisoma gazeti. Miaka miwili baadaye alianza kuandika kitabu ambacho hatimaye kilikuwa hiki cha kwako. Siwezi kuingia moyoni mwake. Lakini ninapomsoma mzee anayetoka kila siku kuelekea nyumba ya binti yake, na kila siku anageuka nyuma mapema kidogo kuliko jana, mpaka siku anashindwa kutoka kabisa, nasikia mtu ambaye angetoa chochote ili mlango ule ufunguliwe mara moja zaidi. Sidhani alituandikia kurasa zile ili tuige. Anamweka Valjean kitandani akisema kwamba kufa si kitu, kinachotisha ni kutoishi.

Kumbuka pia yule mzee alianza vipi. Aliiba vyombo vya fedha vya askofu, akakamatwa, akarudishwa na askari, na askofu akasema vilikuwa zawadi, akamwongezea vinara viwili vya mishumaa. Maisha yake yote mapya yalisimama juu ya kitu alichopewa bila kukistahili. Alijua kutoa kuanzia siku hiyo mpaka mwisho. Kupokea kulimshinda. Alipoletewa ukaribu, jina la Baba, kiti karibu na moto, alisema hapana, si vyangu. Wewe nawe, mtu akikuletea mahali pa mama harusini, je, unaweza kukaa? Hata ukiwa na doa? Hata baba yake akiwa ameketi hapohapo jirani? Moyo wa binti yako huenda una nafasi kubwa kuliko ulivyoupimia.

Lipo jambo dogo ambalo limenikaa tangu nilipoifunga barua yako. Alikuandikia kwamba Jean Valjean ni wewe, nawe ukaenda moja kwa moja kwenye kurasa za mwisho, kwenye kujiondoa na kufa peke yako. Sijui kama ulimwuliza alikuwa anawaza ukurasa gani. Mimi ningemwuliza, jioni yoyote, hata kabla hujaamua lolote kuhusu sanduku. Maana katikati ya kitabu kuna usiku wa mkesha wa Krismasi wa mwaka 1823, Cosette ana miaka minane, ametumwa msituni kuchota maji gizani, na ndoo ni nzito kuliko yeye. Anatembea hatua chache, anaitua, anaiinua tena kwa mikono yake iliyokufa ganzi. Ghafla ndoo inakuwa nyepesi. Mkono mkubwa umeshika mpini kutoka nyuma, na mtoto haogopi.